Sekondari ya imesheni ya Kifaransa nchini Kanada: ilianzishwa na nani, na ni shule ya namna gani

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukavu, na sasa tunaishi Ottawa. Nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa kuwa baba yao ni mtu wa Kigoma na Kifaransa hakijui, lakini mimi nilisoma kwa Kifaransa na watoto huwa nawachanganyia. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la nane katika shule ya Kiingereza yenye mfumo wa imesheni ya Kifaransa, yaani mtoto anafundishwa masomo mengine kwa Kifaransa badala ya kusoma Kifaransa kama somo tu, na mwakani anaingia sekondari. Jirani ameniambia kwamba sekondari za imesheni zinafundisha Kifaransa cha Waingereza, na kwamba afadhali nimhamishie shule ya Kifaransa yenyewe. Naomba unieleze sekondari hizi zilianzishwa na nani, zina tabia gani, na kama kijana atatoka huko akizungumza Kifaransa cha watu. Dada yake ana miaka minne.

JIBU: Mama, jirani yako hakukosea sana, ila amekupa nusu ya habari. Ni kweli kwamba sekondari ya imesheni ni shule iliyobuniwa na wazazi wasemao Kiingereza, ikaendeshwa na bodi za shule za Kiingereza (bodi hapa ni chombo kinachosimamia shule za umma za eneo), kwa ajili ya watoto ambao Kifaransa hakikuwamo nyumbani mwao. Hilo si tusi. Ndiyo asili yake, na karibu kila sifa na kila upungufu utakaouona katika shule hiyo unatokana na asili hiyo, kwa hiyo nitaanza na wazazi wenyewe kabla sijafika kwa kijana wako.

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Saint-Lambert ulio ng'ambo ya mto kutoka Montréal, wazazi wapatao 12 walikutana nyumbani kwa mwenzao kujadili jambo lililokuwa likiwakera kwa muda mrefu. Jimbo la Quebec wakati huo lilikuwa na shule zilizogawanywa kwa dini: za Kikatoliki, ambazo nyingi zilifundisha kwa Kifaransa, na za Kiprotestanti, ambazo nyingi zilifundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa upande wa Kiingereza alisoma Kifaransa kama somo kwa miaka yote ya shule, akafaulu mitihani yake, kisha akashindwa kuzungumza na jirani wa mlango wa pili. Wakati huohuo jimbo zima lilikuwa katika kipindi kinachoitwa Mapinduzi ya Kimya, ambapo wasemaji wa Kifaransa, waliokuwa wengi kwa idadi lakini wanyonge katika viwanda na biashara, walianza kudai kwamba lugha yao iwe lugha ya kazi na ya utawala. Wazazi wale waliona upepo unakoelekea, wakatambua kwamba mtoto asiyejua Kifaransa atakuja kuwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Majina matatu hutajwa kila mara historia hii inaposimuliwa: Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale. Walipanga madarasa ya Kifaransa baada ya saa za shule kwa juhudi zao wenyewe, wakaenda kwenye bodi ya shule na kukataliwa, wakarudi tena. Kilichowaongezea uzito ni wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha McGill. Mmoja alikuwa Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliyeshikilia kwamba ubongo wa mtoto mdogo hupokea lugha kwa wepesi ambao baadaye hupungua. Wa pili alikuwa mwanasaikolojia Wallace Lambert, ambaye mwaka 1962, pamoja na Elizabeth Peal, alikuwa amechapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa Montréal wenye lugha mbili hawakuwa nyuma kiakili kama ilivyodhaniwa na wengi, bali waliwazidi wenzao wa lugha moja katika majaribio mengi. Bodi ikakubali kwa shingo upande, tena kwa masharti kwamba ni jaribio tu. Septemba 1965 likafunguliwa darasa la chekechea la watoto 26, na nafasi zake zilijaa ndani ya dakika chache tangu uandikishaji uanze.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Chekechea na darasa la kwanza vilikuwa kwa Kifaransa kitupu, na mtoto alijifunza kusoma kwa Kifaransa kabla ya Kiingereza. Kiingereza kiliingia darasa la pili kwa vipindi vichache, kikaongezwa mwaka hadi mwaka, hata lugha mbili zikakaribiana kufikia mwisho wa shule ya msingi. Mwalimu alizijua lugha zote mbili, kwa hiyo mtoto aliyeomba kwa Kiingereza kwenda chooni alieleweka na kuruhusiwa, ila alijibiwa kwa Kifaransa. Kubwa zaidi ni kwamba watoto wote darasani walikuwa sawa katika kutojua. Hakuna aliyechekwa na mwenzake kwa kuwa kila mmoja alikuwa akianzia pale pale.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloitenganisha imesheni na hali ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu vizuri zaidi. Mtoto wa Tanzania anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza naye anafundishwa kwa lugha isiyo ya nyumbani, lakini mara nyingi mwalimu wake mwenyewe anahangaika na lugha hiyo, na hakuna aliyempangia hatua za kuvukia. Mtoto wa Saint-Lambert alivushwa kwa mpango. Zaidi ya hayo, lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiingereza, lugha yenye nguvu katika bara zima, isiyoweza kupotea hata akisoma Kifaransa siku nzima. Lambert mwenyewe alilitilia mkazo suala hili: kwake, kujifunza lugha ya pili kunakoongeza juu ya lugha ya kwanza ni kitu kimoja, na kujifunza kunakoila lugha ya kwanza ni kitu kingine kabisa. Nitalirudia nitakapofika kwenye Kiswahili cha nyumbani kwako.

Lambert na mwenzake Richard Tucker waliwafuatilia watoto wale mwaka baada ya mwaka, na ripoti yao kamili ilitoka mwaka 1972. Matokeo yaliwatuliza wazazi waliokuwa na hofu: Kiingereza cha watoto kilichelewa kidogo mwanzoni, hasa katika kusoma na tahajia, kisha kikawafikia wenzao, hesabu haikudhurika, na Kifaransa chao cha kusikiliza na kusoma kilikuwa mbali sana na kile cha somo la kawaida. Hata hivyo ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba katika kuzungumza na kuandika hawakuwafikia watoto waliozaliwa katika Kifaransa. Upungufu huo uliandikwa tangu siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo shule isiyokueleza habari zake leo haina kisingizio.

Baada ya hapo siasa ilichukua nafasi yake. Mwaka 1969 Kanada ilipitisha Sheria ya Lugha Rasmi, iliyoufanya utumishi wa serikali kuu kuwa wa lugha mbili, na kuanzia 1970 serikali kuu ikaanza kuyapa majimbo fedha za kufundisha lugha ya pili. Katika mji kama Ottawa, ambako serikali kuu ndiyo mwajiri mkubwa, mzazi hakuhitaji mwanasaikolojia wa kumshawishi. Mwaka 1977 wazazi wasemao Kiingereza kutoka pande mbalimbali za nchi waliunda chama chao, Canadian Parents for French, ambacho hadi leo kinazishinikiza bodi za shule pale zinapotaka kupunguza madarasa. Wanafunzi wa imesheni nje ya Quebec sasa ni zaidi ya 400,000.

Sekondari yenyewe ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Hakuna mtu aliyekaa akabuni sekondari ya imesheni kama walivyobuni chekechea. Ilidaiwa na watoto waliokuwa wanakua. Darasa la 1965 lilikaribia sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bodi zikajikuta zinaulizwa swali ambalo hazikuwa zimelifikiria: mtoto aliyesoma kwa Kifaransa tangu chekechea apelekwe wapi? Kumrudisha kwenye kipindi kimoja cha sarufi kwa siku kungekuwa kupoteza kila kilichopatikana. Kumpa masomo yote kwa Kifaransa kulihitaji mwalimu wa kemia anayeijua kemia na anayejua Kifaransa, katika bodi ambayo walimu wake wengi hawakukijua, na vitabu ambavyo ama viliandikwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa katika Kifaransa, hivyo vikawa vigumu mno, ama havikuwapo. Kulikuwa pia na tatizo la idadi, kwa sababu wanafunzi wa sekondari huchagua masomo na kutawanyika, na huwezi kufungua darasa la fizikia kwa watoto saba. Wakati huohuo bodi za Montréal zilianzisha imesheni ya kuchelewa, ambapo mtoto huzamishwa kwa mwaka mmoja au miwili akiwa na umri wa kuingia sekondari. Watafiti walikuta kwamba vijana hao, kwa kuwa walikwisha kujua kusoma na kufikiri, waliwakaribia wale wa chekechea kuliko ilivyotarajiwa.

Kutokana na hayo zikazaliwa sekondari za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kwako kuliko jina lililoandikwa getini. Aina ya kwanza ni shule ambayo wanafunzi wote ni wa imesheni. Winnipeg, kwa mfano, kuna Collège Jeanne-Sauvé na Collège Béliveau, ambazo ni za bodi ya Kiingereza lakini mkondo wake ni imesheni. Katika shule ya aina hii matangazo ya asubuhi, mabango ya ukutani, mazoezi ya tamthilia na maneno ya mwalimu kwenye korido hupata nafasi ya kuwa kwa Kifaransa. Aina ya pili, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi katika mji wako, ni shule kubwa ya Kiingereza yenye mkondo wa imesheni ndani yake. Humo Kifaransa kinaishi ndani ya vyumba fulani kwa saa fulani. Kengele ikilia, kijana anatoka darasani na kuingia korido ya Kiingereza, anakula kwa Kiingereza na kucheza mpira wa kikapu kwa Kiingereza. Mimi binafsi ningechagua ile ya kwanza hata kama basi lake ni refu, lakini si kila mji unayo.

Sasa tazama hesabu ya jimbo lenu, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi hushangaa wakati umekwishapita. Katika Ontario mwanafunzi wa imesheni anatakiwa awe amepata saa zisizopungua 3,800 za kufundishwa kwa Kifaransa kufikia mwisho wa darasa la nane. Katika sekondari, kati ya krediti 30 zinazohitajika kwa diploma, cheti cha imesheni kinadai 10: nne za somo la Kifaransa lenyewe, moja kila mwaka, na sita za masomo mengine yanayofundishwa kwa Kifaransa, kama historia, jiografia au hesabu. Kila krediti, yaani somo moja lililokamilishwa, ni saa 110. Maana yake ni kwamba miaka minne ya sekondari inampa saa 1,100 tu za Kifaransa, na shule nyingi huzirundika sehemu kubwa ya hizo katika darasa la 9 na la 10. Akifika la 11 na la 12 kijana anaweza kuwa na somo moja la Kifaransa kwa mwaka na kitu kidogo juu yake. Wakati umri wake unadai Kifaransa cha kubishana, kutania na kuandika hoja ndefu, ratiba ndiyo kwanza inakiminya.

Ingia darasa la 10 la historia ujionee. Mwalimu anaeleza Vita Kuu ya Kwanza kwa Kifaransa safi, wanafunzi wanafuata bila taabu, wanasoma ukurasa mzima wa kitabu na kujibu maswali. Halafu anawagawa katika vikundi vya watu wanne. Kwa dakika mbili au tatu unasikia Kifaransa, kisha mmoja anauliza habari za mechi ya jana na meza nzima inahamia Kiingereza hadi mwalimu anapokaribia. Anapowauliza tena, kijana anasema «j'ai allé», akitaka kusema «nilikwenda» lakini kwa kitenzi kisaidizi kisicho chake, mwalimu anamjibu kwa upole «ah, tu es allé», na kijana anaendelea na hadithi yake bila kugundua kwamba amesahihishwa. Mwingine anasema «je regarde pour mon livre», akimaanisha anakitafuta kitabu chake. Maneno ni ya Kifaransa, muundo ni wa Kiingereza, na wenzake wote wamemwelewa. Hicho ndicho jirani yako anachokiita Kifaransa cha Waingereza. Wanafunzi hawa wanakosea jinsia za majina, wanachanganya «tu» (wewe wa kawaida) na «vous» (wewe wa heshima) mbele ya mkubwa, na vitenzi vya masharti wanavikwepa.

Sababu zake zimechunguzwa kwa kina kuliko karibu mfumo mwingine wowote wa shule za lugha mbili. Merrill Swain wa Toronto alieleza mwaka 1985 kwamba kusikia na kusoma peke yake hakumlazimishi mtu kuipanga lugha. Ni pale anapotakiwa kutoa maneno mwenyewe, marefu na sahihi, ndipo anapogundua asichokijua, na darasa la imesheni linampa mtoto nafasi chache za kufanya hivyo. Miaka kumi baadaye yeye na Elaine Tarone wakaeleza kwa nini vijana hurudi kwenye Kiingereza kadiri wanavyokua: shule imewafundisha Kifaransa cha kitabu na cha mwalimu, haijawapa Kifaransa cha vijana, yaani cha kutaniana, kugombana na kuombana msamaha, na hakuna kijana wa miaka 15 anayetaka kutaniana kwa lugha ya kitabu cha jiografia. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walionyesha kwamba usahihishaji wa chinichini, kama ule wa «tu es allé», ndio walimu wanaoutumia zaidi, na ndio unaomfanya mwanafunzi ajirekebishe kwa nadra kuliko mwalimu anapomsimamisha na kumtaka aseme upya. Mwalimu mzuri wa sekondari ya imesheni leo unamtambua kwa jambo hilo: haachi neno lipite.

Nisije nikaonekana naidharau shule hiyo. Kijana anayetoka na cheti cha imesheni anaweza kusoma gazeti la Montréal, kufuata mhadhara wa chuo kikuu na kufanya mahojiano ya kazi. Bodi nyingi huwaruhusu wanafunzi wa darasa la 12 kufanya DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa unaotolewa chini ya wizara ya elimu ya Ufaransa, na wapo wanaofaulu ngazi ya B2, yaani ya mtu anayejitegemea katika lugha, ambayo vyuo vingi huikubali kwa masomo yanayotolewa kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Ottawa, kilicho hapo mjini kwenu, kina mfumo wa imesheni kwa ajili ya vijana hawa hasa tangu 2006. Ukimlinganisha na kijana aliyesoma Kifaransa kama somo la kipindi kimoja, hakuna ulinganisho.

Lawama moja, hata hivyo, ina haki yake. Imesheni hailipiwi ada wala haina mtihani wa kuingilia, lakini inachuja. Watoto wenye shida ya kusoma mara nyingi hushauriwa watoke, kwa kuwa msaada wa kitaalamu unapatikana zaidi kwa Kiingereza. Wazazi wenye habari na nafasi ndio wanaowahi uandikishaji, na katika baadhi ya bodi za jimbo la British Columbia nafasi hutolewa kwa bahati nasibu kwa uhaba wake. Kufikia darasa la 10 wengine wanaondoka wenyewe, wakihofia kwamba kemia ya Kifaransa itawashushia alama za kuingilia chuo kikuu. Darasa linalobaki la 12 ni dogo, na si picha ya mji mzima. New Brunswick, jimbo pekee ambalo katiba inalitambua kuwa la lugha mbili, imejaribu zaidi ya mara moja kuibadili imesheni kwa hoja hiyohiyo ya usawa. Mpango wa mwisho uliachwa Februari 2023 baada ya wazazi kuupinga kwa kelele nyingi.

Upande wa pili wa ushauri wa jirani ni shule ya Kifaransa yenyewe, na hiyo ina asili tofauti kabisa. Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyokibana Kifaransa kibaki katika miaka miwili ya mwanzo ya shule ya msingi. Mjini Ottawa, Januari 1916, akina mama walizunguka shule ya Guigues wakiwa na pini ndefu za kofia mikononi ili polisi wasiwaondoe walimu wawili, mtu na dada yake, Béatrice na Diane Desloges, waliokuwa wakifundisha kwa Kifaransa. Sheria ya kuruhusu sekondari za umma za Kifaransa ilikuja 1968 tu, na hata baada ya hapo watu wa Penetanguishene, mji mdogo wa Ontario, walilazimika mwaka 1979 kufungua sekondari yao wenyewe kama upinzani ndipo wakajengewa shule. Kwa hiyo shule ya imesheni ilizaliwa na wazazi wa lugha yenye nguvu waliotaka kuwaongezea watoto wao lugha. Shule ya Kifaransa ilizaliwa na wazazi wa lugha iliyokuwa ikinyang'anywa. Hii ya pili inaendeshwa na bodi za Kifaransa, mkutano wa wazazi ni kwa Kifaransa, barua za nyumbani ni kwa Kifaransa, na Kiingereza ni somo. Usidhani lakini kwamba korido zake ni kama za Bukavu. Walimu wa shule hizo nao huwapigia kelele vijana wanaozungumza Kiingereza wakati wa chakula, kwa sababu mji unawazidi nguvu. Tofauti ni kwamba humo wamo vijana ambao Kifaransa ndicho wanachotania nacho, wengine wakiwa watoto wa Wakongo, Warundi na Wahaiti, na kitu hicho hasa ndicho kijana wako atakachokikosa katika imesheni.

Kuhusu nafasi ya kuingia, fahamu kwamba kwa Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa 1982, ulio sehemu ya katiba ya Kanada, haki ya moja kwa moja ni ya raia wa Kanada ambaye lugha yake ya kwanza ni ya wachache wa jimbo lake, au aliyesoma shule ya msingi kwa lugha hiyo ndani ya Kanada. Shule uliyosoma Bukavu haihesabiki hapo, na Kiswahili si Kifaransa. Lakini mlango haujafungwa. Bodi za Kifaransa za Ontario zina kamati za kupokea wanafunzi wasio na haki hiyo, na tangu 2009 serikali ya jimbo inamhesabu kuwa msemaji wa Kifaransa hata mtu ambaye lugha ya mama si Kifaransa wala Kiingereza, mradi anakijua Kifaransa vizuri na kukitumia nyumbani. Familia yako inakaribia maelezo hayo, na ukienda mwenyewe ukazungumza na mkuu wa shule kwa Kifaransa chako, utakuwa umekwisha kujibu nusu ya maswali ya kamati. Mjini Ottawa bodi hizo ni mbili, ya umma na ya Kikatoliki, na zote zina sekondari.

Swali linabaki kama kijana mwenyewe ataweza. Kutoka darasa la nane la imesheni kwenda darasa la tisa la shule ya Kifaransa ni mruko, kwa sababu wenzake watakuwa wameandika insha kwa Kifaransa miaka yote, na muhula wa kwanza alama zake huenda zikashuka. Ana hata hivyo jambo ambalo wanafunzi wengi wa imesheni hawana, nalo ni mama wa kumsahihisha mezani. Ningekushauri umpe mtihani mdogo wewe mwenyewe: mwambie akusimulie kwa Kifaransa, kwa dakika kumi bila kuhamia lugha nyingine, ugomvi alioushuhudia shuleni, nani alisema nini na nani alijibu nini. Akiweza, hata kwa makosa, shule ya Kifaransa itamnyoosha ndani ya mwaka. Akikwama na kuona aibu, na zaidi ya yote akiwa na marafiki anaotaka kwenda nao, mwache katika imesheni, ila mkienda siku ya wazazi uliza mambo matatu: ni masomo gani yanafundishwa kwa Kifaransa katika darasa la 11 na la 12, si la 9 tu, ni wanafunzi wangapi waliomaliza na cheti mwaka uliopita kati ya walioanza, na je, shule inawaandaa kwa DELF. Mkuu wa shule anayejibu haya kwa takwimu ana mpango. Anayekujibu kwa tabasamu na kukuonyesha bango la karnivali, fikiri mara mbili.

Na Kiswahili? Nilisema kwamba imesheni ilibuniwa kwa mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani haiwezi kupotea. Kwenu hali si hiyo. Kijana wako tayari anabeba Kiingereza cha mji na Kifaransa cha shule, na lugha pekee isiyo na shule, wala mtihani, wala mwajiri nyuma yake ni ile anayozungumza na baba yake. Usikibadili Kiswahili cha nyumbani kuwa Kifaransa kwa sababu ya sekondari. Tenga muda wako wewe na yeye kwa Kifaransa, na nyumba iendelee kuwa ya Kiswahili.

Mwisho ni habari ya binti, ambayo inaweza kukuamulia mambo. Kifungu hichohicho cha 23 kinasema kwamba raia ambaye mtoto wake mmoja amesoma au anasoma kwa Kifaransa nchini Kanada ana haki ya kuwasomesha watoto wake wote kwa lugha hiyo. Mahakama ya Juu Kabisa ya Kanada, katika kesi ya Solski ya mwaka 2005, ilieleza wazi kwamba imesheni hailingani na elimu ya lugha ya wachache, kwa hiyo miaka ambayo kaka yake amesoma imesheni haimfungulii binti mlango huo. Mwaka mmoja halisi wa kaka katika sekondari ya Kifaransa, ikiwa ninyi ni raia, unaweza kumpa dada hoja ya haki mahali ambapo sasa ana ombi tu mbele ya kamati. Kama bado hamjapata uraia, mpelekeni binti kwenye kamati ya shule ya msingi ya Kifaransa majira haya ya baridi, kabla ya uandikishaji wa chekechea kufungwa, kwa sababu mtoto wa miaka minne hupokelewa kwa urahisi kuliko wa miaka 14, na lolote mtakaloamua kwa kaka yake linaweza kusubiri hadi masika.